Mashine ya Kupachika Vijenzi na Hewa ya Njombe

Mji wa Makambako, mkoani Njombe, mahali inapokutana reli ya TAZARA na barabara kuu ya Mbeya na ile iendayo Njombe hata Songea, una mafundi hodari wa umeme, na yamkini baadhi yao watataka kutoka katika kazi ya kutengeneza bodi za saketi zilizoharibika waingie katika kazi ya kuunda bodi mpya, mathalan za kusimamia joto la mashine za kutotolesha vifaranga, au za kulinda ubaridi wa maghala ya parachichi. Atakayefika hapo hana budi kuchagua mashine ya kupachika vijenzi, yaani vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokaa juu ya bodi, na uchaguzi huo aghalabu hufanywa kwa kutazama kwanza kipimo kinachostahili kutazamwa mwisho, nacho ni kasi.

Kazi ya mashine yenyewe si vigumu kuieleza. Bodi tupu hupakwa pasta ya lehemu kupitia stensili ya chuma. Kisha mkono wa mashine, wenye ncha iliyotoboka inayovuta hewa, hukinyanyua kijenzi kutoka katika utepe wake, hukipitisha mbele ya kamera ili ijue kimekaaje, hukizungusha kikae sawa, na kukilaza juu ya pasta. Baadaye bodi huingia tanurini, ambamo lehemu isiyo na risasi huyeyuka ikifika nyuzi 217 za Sentigredi. Haya yote hutendwa juu ya vitu vidogo mno, kwa kuwa kijenzi cha kawaida kiitwacho 0603 kina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, na kile cha 0402 ni cha milimita 1 kwa nusu milimita.

Sasa na tufanye hesabu. Karakana ipate oda ya bodi 200 kwa mwezi, kila bodi ikiwa na vijenzi 60. Hivyo ni vijenzi 12,000. Fundi mwenye kibanio na jicho zuri, akitumia sekunde 10 kwa kila kimoja, atamaliza baada ya saa 33 na zaidi, na shingo itamuuma. Mashine ndogo ya mezani ambayo karatasi ya muuzaji yadai kuwa hupachika 6,000 kwa saa, hata ikitoa nusu tu ya ahadi hiyo, kama ilivyo desturi, itamaliza kwa saa 4. Kwa oda ya namna hiyo, kununua mashine ya kupachika 40,000 kwa saa ni kununua kitu kitakachosimama bure karibu mwezi mzima.

La kuangaliwa ni fida, yaani vile vifaa vinavyoshika rili na kusogeza utepe, kila aina ya kijenzi ikihitaji fida yake. Ikiwa vile vijenzi 60 ni vya aina 28, ilhali mashine inachukua fida 20, basi kila kundi la bodi litapita mara mbili, na ule wakati uliookolewa na kasi utapotea katika kubadilisha rili. Fauka ya hayo, fida huuzwa peke yake, si pamoja na mashine, na kwa mitambo ya makampuni makubwa bei ya fida zote pamoja yaweza kumshitua mnunuzi aliyedhani kwamba ameshamaliza kulipa.

Lakini lipo jambo ambalo muuzaji wa pwani hatalitaja, kwa sababu kwake halipo, nalo ni hewa. Ile ncha haikishiki kijenzi kwa nguvu zake. Hewa ya nje ndiyo inayokisukuma kijenzi kikabaki pale. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Njombe mjini, takriban mita 2,000 juu ya bahari, ni karibu 80. Pampu inayoondoa asilimia 85 ya hewa itatoa mvuto wa 86 kule pwani, na huku 68 tu. Iwapo kiwanda kiliiweka mashine iamini kwamba imeshika kijenzi pale tu mvuto unapozidi 70, basi Njombe kila kijenzi kitahesabiwa kuwa kimekosekana, mashine italia na kukitupa, na fundi atafungua pampu nzima akitafuta ubovu usiokuwapo. Kwa hiyo sharti la kwanza la ununuzi liwe kwamba kizingiti hicho kinaweza kushushwa na mwenye mashine mwenyewe. La pili, kwamba mwendo wa mkono unaweza kupunguzwa kwa vijenzi vizito, kama koili na soketi, visije vikateleza njiani. Kompresa nayo ichaguliwe kubwa kidogo, maana hewa inayoivuta ni haba.

Baridi pia ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai pasta huwa nzito na haipiti vema katika stensili, basi chumba kipashwe joto kwanza. Umeme ukikatika, mashine hupoteza hesabu tu, lakini bodi iliyosimama ndani ya tanuri huungua; kwa hiyo betri ya akiba iwekwe kwanza kwa mkanda wa tanuri.

Hata hivyo, mashine nzuri peke yake haitoshi. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Mara Phones ilifungua kiwanda cha simu Kigali na kingine karibu na Durban. Mwaka 2022 cha Durban kilitiwa mnada, wala ubora wa mitambo haukukiokoa. Mwenye oda za kubahatisha na apeleke kwanza michoro yake kwa wanaopachika kwa malipo, kama Gearbox Europlacer wa Nairobi, mpaka oda zitulie.

Na zikishatulia, muuzaji apelekewe bodi yako halisi na vijenzi vyako, aipachike mbele yako, kwa kizingiti kilichoshushwa hadi 55, bodi 20 mfululizo, ndipo fedha zitoke. Ncha za akiba zinunuliwe siku hiyo hiyo, hasa zile nyembamba za 0402, kwa kuwa ndizo huziba kwa pasta kabla ya nyingine zote.