Mgeni asiyepiga hodi

MUSCAT – Katika nyumba nyingi za hapa zinazozungumza Kiswahili, zile za familia zilizohamia kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1970, mgeni hapiti ukumbini bila kupiga hodi. Lakini watoto wa nyumba hizo hulala na simu chini ya mto, na humo hakuna hodi.

Wazazi wamegawanyika. Wapo wanaochukua simu saa tatu usiku na kukagua kila ujumbe. Wapo wanaosema upekuzi humfundisha mtoto kuficha tu. Wengine wanaitegemea serikali, kwa kuwa tovuti za ngono huzibwa nchini.

Kuziba huko kunasaidia, ila hakumzuii mtu mzima anayejifanya mtoto ndani ya mchezo, akaomba picha, kisha akatishia kuisambaza. Sheria zipo: ya makosa ya mtandao, Amri ya Sultani namba 12 ya 2011, na ya mtoto, namba 22 ya 2014, inayomlinda aliye chini ya miaka 18. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015.

Hata hivyo, sheria husubiri mlalamikaji. Mtoto anayeogopa kipigo, au kuambiwa ameuaibisha ukoo, atanyamaza; na kimya hicho ndicho mtaji wa anayemtisha. Sisi tunaona neno la kwanza la kumwambia mtoto, kwa Kiswahili au Kiarabu, ni hili: likikufika, njoo kwetu, hatutakugombeza. Kisha ujumbe usifutwe, kwani ndio ushahidi wa kupeleka polisi.