GAZETI, MHESHIMIWA NA MWANANCHI: NANI AMWAMINI NANI?

Kwa kinyozi karibu na steji yetu ya matatu, gazeti moja husomwa na watu kumi. Siku moja mzee mmoja alilikunja akasema, "Hawa wamenunuliwa!" Kijana aliyekuwa akinyolewa akamwuliza, "Sasa mzee, mbona umelisoma lote?" Tulicheka, lakini swali hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Ukweli ni kwamba hawa watatu hutegemeana. Mwanasiasa hulihitaji gazeti ili ajulikane. Gazeti nalo humhitaji mwanasiasa kwa habari, na matangazo ya serikali huliletea pesa. Mwananchi, ambaye hawezi kufika bungeni kila siku, hutegemea gazeti limwonee. Ni jicho la kuazima. Likifumbwa, sote ni vipofu.

Tuchukue mfano wa mwaka 2006. Gazeti la The Standard liliandika kwamba Rais Mwai Kibaki alikutana kisiri na Kalonzo Musyoka. Habari hiyo ilikanushwa, na waandishi wakakamatwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi, polisi waliofunika nyuso walivamia kampuni hiyo, wakachoma magazeti na kuzima runinga ya KTN. Waziri wa usalama, John Michuki, alisema kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa.

Je, moto ule ulithibitisha kwamba habari ilikuwa ya uongo? La hasha! Mwenye ukweli hutoa ushahidi au huenda kortini. Moto ulimfanya hata asiyesoma gazeti aulize, "Kwani wanaficha nini?" Leo Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Hata hivyo, waandishi nao si malaika. Mwandishi akipokea bahasha ya "nauli" kutoka kwa mheshimiwa, kesho ataandika nini? Hapo yule mzee wa kwa kinyozi atakuwa na haki.

Wenzangu, imani ni kama kukopa dukani: ukilipa unapewa tena, ukihepa hupewi hata kiberiti. Basi tusiamini yote wala tusikatae yote. Tuulize: Nani amesema? Ushahidi uko wapi? Upande wa pili umehojiwa?

Mimi nina miaka 16. Baada ya miaka miwili nitakuwa mpiga kura, na sitaki kupiga kura macho yakiwa yamefungwa.