Thogoto Haikuwa ya Wamisionari Peke Yao

Ukitaja kanisa la Thogoto, pale Kikuyu, hukosi mtu wa kukuhakikishia kwamba Jomo Kenyatta alibatizwa ndani ya Church of the Torch, na pengine akakuonyesha hadi mahali alipopiga magoti. Haiwezekani. Kenyatta alibatizwa Agosti 1914, akaitwa Johnstone Kamau, ilhali jengo lile la mawe lilikamilika mwaka 1933. Kanisa la wakati ule ni lile dogo lililo jirani, la ukumbusho wa Thomas Watson na David Clement Scott. Watson ndiye aliyeihamisha misheni ya Waskoti kutoka Kibwezi, kwenye malaria, mwaka 1898, naye akafariki 1900. Scott alitokea Blantyre, Malawi, akaongoza Thogoto hadi kifo chake mwaka 1907.

Nataja wamisionari hao kwa haraka kwa sababu vitabu vimewataja vya kutosha. Kinachonikera ni imani kwamba historia ya kanisa ni orodha ya wamisionari na majengo yao. Na kuna ubaya zaidi: wanaoisaka historia ya Wapresbiteri kwenye vioo vya madirisha, wakitafuta alama za freemason. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uvumi huo uliingia hadi ndani ya PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lenyewe, vioo vya rangi vya St Andrew's, Nairobi, vikashutumiwa kuwa vya kishetani. Ni upuuzi, tena wenye madhara. Anayehesabu pembetatu kwenye kioo hasomi kumbukumbu za vikao, na historia iko kwenye vikao.

Kanisa la Presbiteri haliongozwi na askofu, wala mchungaji si mfalme wake. Linaongozwa na baraza la wazee. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa baraza hilo, lakini peke yake hawezi kumpokea mtu kwenye ushirika wala kumtenga. Kule Scotland ilikuwa desturi, kabla ya Meza ya Bwana, wazee kuwapitia waumini na kumpa kila anayestahili kipande kidogo cha risasi kilichopigwa chapa ya herufi za parokia. Asiyekuwa nacho hakuketi mezani. Nidhamu hiyo ndiyo iliyopandwa Thogoto, na kwa watu waliozoea kesi kuamuliwa na kiama, yaani baraza la wazee la Kikuyu, haikuwa kitu kigeni kama tunavyodhani.

Kenyatta mwenyewe aliionja. Alipokuwa ameanza maisha na Grace Wahu kwa desturi ya Kikuyu, naye Grace akapata mimba, baraza lilimwita Kenyatta, likamsimamisha kushiriki Meza ya Bwana na kumtaka afunge ndoa mbele ya hakimu. Mtoto wao, Peter Muigai, alizaliwa Novemba 1920. Kijana huyo mwenye kazi mjini hakukimbilia kutii: ndoa ya serikali ilifungwa Novemba 1922, karibu miaka miwili baadaye. Naipenda kesi hii kwa sababu inaonyesha pande zote mbili. Baraza lilikuwa na meno, na mshirika naye alikuwa na akili zake. Hakuondoka, wala hakuburutwa.

Bila kuelewa hilo, mgogoro wa mwaka 1929 hauelezeki. Husemwa kwamba Daktari John Arthur, mkuu wa Thogoto, aliamka siku moja akapiga marufuku tohara ya wasichana, Wakikuyu wakatoka kanisani. Sivyo. Misheni ilikuwa ikifundisha dhidi ya tohara hiyo kwa miaka mingi. Machi 1929, kwenye mkutano wa Tumutumu, wajumbe Waafrika wa makanisa walikuwemo, na wengi wao wakapiga kura kwamba iwe kosa la kumtenga mshirika. Walikuwepo Wakikuyu wa upande ule na wa upande huu; tayari tangu 1926 kulikuwa na wachungaji Wakikuyu, Musa Gitau akiwa mmojawapo. Kilichovunja kanisa ni kirore, alama ya kidole gumba. Kila mshirika alitakiwa kuiweka ili kuikana tohara na kujitenga na Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichopigania ardhi. Suala la mwili wa msichana likafungwa pamoja na suala la siasa na ardhi kwenye karatasi moja. Mzee aliyechukia tohara lakini akiogopa kwamba kidole chake kingempokonya shamba afanye nini? Sehemu kubwa ya washirika waliondoka. Nyimbo za muthirigu zikawakejeli waliobaki, hadi serikali ikazipiga marufuku Januari 1930.

Waliotoka hawakurudi wote upagani, kama wengine wanavyodai. Walianzisha shule zao wenyewe, zilizoitwa za Karing'a, na kutafuta wachungaji wao. Mmoja wao, Arthur Gatung'u Gathuna, alipewa upadri mwaka 1937 na Askofu Daniel William Alexander, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1946 kundi la Gathuna likapokelewa na Patriarki wa Aleksandria, na Waorthodoksi wa Waithaka, Nairobi, ni tawi la mgogoro huohuo.