Marefu, Makavu, ya Karibu: Rekodi Sita za Kukufikisha Maporomokoni Kutoka Dodoma

Anayepanga safari ya maporomoko akiwa Dodoma anaanza na upungufu. Mito mingi ya hapa ni makorongo ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Mto Bubu, unaoshuka kutoka upande wa Kondoa, haufiki baharini: unaishia kwenye mbuga za Bahi. Lazima utoke. Kwenda wapi? Wengi hutaka marefu kuliko yote, basi. Rekodi ni tamu kubishania kijiweni, lakini ukiisoma vizuri hukuambia pia uvae nini, ulale wapi na uanze saa ngapi. Hizi hapa sita.

1. Marefu kuliko yote duniani: ubishi haujaisha

Taji linashikwa na maporomoko ya Angel, Venezuela, yenye meta 979. Mpinzani wake ni maporomoko ya Tugela ya Afrika Kusini, ambayo vitabu viliyapa meta 948 hadi wapimaji kutoka Ucheki walipokwenda mwaka 2016 na kurudi na meta 983. Anayeamini kipimo hicho anasema taji liko Afrika.

Kinachomhusu mpandaji ni namna ya kupima. Maji ya Tugela hushuka kwa ngazi, moja baada ya nyingine, na urefu wake ni jumla ya ngazi hizo. Angel yana mkupuo mmoja wa meta 807, maji yakianguka bila kugusa mwamba. Kwa hiyo kila unapotajiwa urefu, uliza kwanza: ni jumla au ni mkupuo mmoja? Maporomoko ya ngazi hukudai kupanda ili uyaone yote. Ya mkupuo mmoja yanaweza kuonekana yote kutoka ukingoni.

Maporomoko ya Angel yenyewe yalipata jina kwa rubani Mmarekani, Jimmie Angel, aliyetua juu ya mlima yanakoangukia mwaka 1937, ndege ikanasa kwenye tope. Yeye na wenzake walishuka kwa miguu kwa siku 11. Njia ya kurudi hupangwa kabla ya kuondoka.

2. Marefu kwa mkupuo mmoja Tanzania: Kalambo

Mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkoani Rukwa, Mto Kalambo unajitupa kwenye bonde la Ziwa Tanganyika kwa mkupuo mmoja wa zaidi ya meta 220. Ni zaidi ya mara mbili ya maporomoko ya Victoria, yenye meta 108, na ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi ya mkupuo mmoja barani Afrika. Kenya wana Karuru, kwenye milima ya Aberdare, yenye meta 273, lakini hiyo ni jumla ya ngazi tatu.

Kalambo yana rekodi nyingine. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja. Mwaka 2023 walitangaza umri wake: miaka 476,000, kazi ya ujenzi wa mbao ya kale kuliko zote zinazojulikana. Aliyeichonga aliishi kabla ya binadamu wa aina yetu.

Tatizo ni umbali. Kutoka Dodoma hadi Sumbawanga ni safari ya kuvuka nchi, kisha bado kuna njia ya kupitia Matai hadi maporomokoni. Kalambo ni ya likizo, si ya mwisho wa juma.

3. Pakavu zaidi katika safari hii: unapotoka

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Maji ya mjini kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, ambako kina cha maji ya ardhini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Ni moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina yake katika nchi za tropiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hazina ile haijazwi na mvua za kawaida, bali na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998.

Sasa nenda kusini-mashariki, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa inayotazama Bonde la Kilombero. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga pale, hupanda, hupoa na kumwaga mvua inayofika milimita 2,000 kwa mwaka. Zikifika uwanda wa kati zimeshapungukiwa na unyevu. Ukame wa Dodoma na maji ya Udzungwa vina asili moja. Mkazi wa Dodoma aliyezoea jua kavu anapaswa kufungasha koti la mvua hata Agosti, na viatu vyenye soli ya meno, kwa sababu njia ya msituni huteleza.

4. Marefu zaidi Udzungwa: Sanje

Hapa ndipo rekodi na kalenda vinapokutana: Udzungwa panafikika mwisho wa juma. Maporomoko ya Sanje yana meta 170 kwa ngazi tatu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilometa za mraba 1,990. Hifadhi hii haina barabara za magari ndani yake. Unatembea, au huoni kitu.

Mzunguko wa Sanje huchukua saa nne hivi, kwa mteremko mkali. Kwa kuwa maporomoko ni ya ngazi, kila ngazi ina sura yake: chini kuna madimbwi ya kuogelea, juu kuna upenyo unaoonyesha Bonde la Kilombero na mashamba ya miwa. Mwongozaji ni wa lazima, na si kwa ajili ya njia tu: msituni kuna tembo na nyati. Viingilio na ada ya mwongozaji hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo usitegemee noti mfukoni.

5. Sengi mkubwa kuliko wote

Udzungwa ina mnyama mwenye taji la dunia, ingawa si rahisi kumwona. Ni sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, aliyetangazwa rasmi mwaka 2008. Uzito wake ni gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sengi wote wanaojulikana. Walio na bahati zaidi watamsikia mangabei wa Sanje, kima asiyepatikana popote nje ya milima hii. Sayansi ilimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua zamani. Anayetaka kuwaona wanyama hawa apande mapema na azungumze kwa sauti ya chini.

6. Rahisi kuliko yote

Una watoto au goti bovu? Karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kuna maporomoko ya Prince Bernhard, ya kutembea chini ya saa moja. Na asiyetaka kufika Mang'ula kabisa apande treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu 2024, ashukie Morogoro. Juu ya mji, kwenye milima ya Uluguru, kuna maporomoko ya Choma, unayoweza kwenda na kurudi mchana mmoja.

Ratiba

Sanje hayafai kwa kwenda na kurudi siku ile ile. Kutoka Dodoma hadi Mang'ula ni zaidi ya kilometa 400 kupitia Morogoro na Mikumi. Ondoka Ijumaa asubuhi; asiye na gari aende kwa treni hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara. Njiani utapita Kidatu, ambako maji ya Mto Ruaha Mkuu yaliyohifadhiwa kwenye bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, huzungusha mitambo ya megawati 204 chini ya ardhi. Ule nao ni mporomoko wa uwanda wa kati, ila umefichwa kwenye handaki.

Lala Mang'ula. Jumamosi uwe langoni saa moja asubuhi ukiwa na maji lita mbili au tatu, chapati, karanga na nguo ya kubadili baada ya kuogelea. Chagua Juni hadi Oktoba: njia ni kavu kiasi, na Sanje bado yana maji kwa sababu msitu huyaachia polepole. Machi hadi Mei maji ni mengi zaidi, lakini ukikuta mvua ya usiku kucha mwulize mwongozaji kabla ya kulipa. Akisema njia ya juu haipitiki leo, nenda Prince Bernhard, na Sanje yape Jumapili.