Mlafi wa Betri Si Flashi

Jua limeshazama, bibi harusi ameketi chini ya mwembe, na soketi iliyo karibu imo ndani ya ukumbi, mbali kuliko waya wowote uliopo. Mpiga picha amesimamisha flashi yake ya studio kwenye stendi na kuichomeka kwenye pakiti ya betri. Kabla ya kupiga, anabonyeza swichi. Taa ya manjano inawaka ndani ya mwavuli. Hapo anaona kasoro: kivuli cha pua kimeangukia mdomo. Anashusha stendi kidogo, na kivuli kinapanda.

Hiyo ndiyo taa ya mwongozo. Mmweko wa flashi ni wa kufumba na kufumbua, mara nyingi hauzidi sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo jicho haliwezi kukagua vivuli vyake. Taa ya mwongozo hukaa karibu na mrija wa flashi na kuwaka mfululizo, ili mpiga picha ajue mwanga utaangukia wapi.

Studioni, kwenye umeme wa ukutani, hakuna anayeihesabia gharama. Kwenye betri mambo hugeuka.

Chukua flashi ya jouli 400, yenye nguvu ya kutosha kwa kazi nyingi. Taa yake ya mwongozo, balbu ya halojeni ya wati 150, hutumia jouli 150 kila sekunde, yaani jouli 9,000 kwa dakika. Dakika moja ya kupanga vivuli inameza umeme wa miweko zaidi ya 22. Betri ya wati-saa 130 ina jouli 468,000: kwa hesabu ya karatasi, miweko 1,170. Balbu hiyo peke yake ingeimaliza kwa dakika 52. Uwanjani hesabu zote mbili hupungua, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto.

Kuna pia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Flashi huivumilia inveta ndogo, kwani kapasita zake, zinazohifadhi umeme wa mmweko, hujazwa taratibu, kama pipa chini ya bomba jembamba. Balbu haina subira hiyo. Uzi wake ukiwa baridi, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ukishapata moto, na inveta iliyozidiwa hujizima. Ndiyo maana wengi huzima taa ya mwongozo kabisa wanapotoka nje, wakapiga picha za majaribio na kusogeza stendi kwa kubahatisha.

Nafuu imeletwa na LED. Halojeni hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati. Mwaka 2013 kampuni ya Profoto ya Sweden ilitoa B1, flashi ya jouli 500 yenye betri yake mwilini na taa ya mwongozo ya LED ya wati 20. Dakika moja ya taa hiyo ni jouli 1,200, chini ya miweko mitatu yake.

Mwenye flashi ya zamani bado ana njia: awashe balbu nusu dakika, apange vivuli, azime, ndipo apige. Nusu dakika hiyo ni sawa na miweko 11, na sherehe ndiyo kwanza inaanza.