Mstari Mwekundu Katika Maandishi ya Kiswahili na Kifipa

Hapa Majengo, Sumbawanga, walimu na makarani wa parokia huandika mitihani, barua na vyeti kwa kompyuta, na wengi hulalamikia jambo moja: chini ya maneno yao hutokea mstari mwekundu. Wengine huyabadili maneno yaliyo sahihi wakidhani wamekosa. Tumepata kuona cheti cha ubatizo ambacho jina la ukoo la mtoto lilikuwa limegeuzwa, kwa kuwa mwandishi alikubali shauri la mashine. Kosa la namna hiyo humfuata mtu mpaka shuleni na mahakamani. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza sababu yake na dawa yake.

Mashine haijui lugha. Ina orodha ya maneno tu, na neno lisilokuwamo hulipigia mstari. Ikidhani kwamba maandishi ni ya Kiingereza, hata jina la Sumbawanga, ambalo wenyeji hulifasiri kuwa “tupa uchawi”, laweza kuhesabiwa kosa. Basi mstari ule si hukumu.

Dawa ya kwanza ni kuitajia mashine lugha. Katika programu ya Word, bonyeza Ctrl pamoja na A ili kuchagua maandishi yote. Ingia Review, kisha Language, uchague Kiswahili. Kifipa hakimo humo. Kwa maandishi yake weka alama ya kukataza ukaguzi wa tahajia, iliyo papo hapo. LibreOffice, itolewayo bure, ina orodha ya maneno ya Kiswahili. Wala jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maagizo ya Kiswahili.

Dawa ya pili ni kuizuia mashine isijisahihishie yenyewe. Mwalimu akiandika “taz. sura ya pili”, mashine hudhani sentensi imekwisha katika nukta, ikaandika “Sura”. Akipanga maswali kwa (a), (b), (c), la tatu hugeuka kuwa alama ya hakimiliki, ©. Katika Word, pita File, Options, Proofing, hata AutoCorrect Options. Humo futa badiliko la (c), na katika sehemu ya Exceptions ongeza “taz.” na vifupisho vingine uvitumiavyo. Ukiwa na haraka, bonyeza Ctrl pamoja na Z mara moja, mara tu mashine inapobadili: badiliko lake litatenguka, na herufi zako zitabaki.

Dawa ya tatu ni ya majina. Jina sahihi likipigiwa mstari, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uliongeze katika kamusi ya mashine, halitasumbuliwa tena. Lakini kabla ya kutia muhuri, mwandishi na alilinganishe na daftari la ubatizo herufi kwa herufi, mzazi akiwapo.

Tahajia tuifundishayo ilipatanishwa na watu, katika Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki. Mtoto aonaye lugha ya mama yake imejaa mistari myekundu aambiwe wazi kwamba si yeye aliyekosa, bali mashine haijafundishwa.