Bibi Amepoa, na Hana Homa

Swali huwa ni lile lile, liwe limetoka kwenye makazi ya wazee hapa Afrika Mashariki au kwa Mkenya anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee huko Massachusetts: "Daktari, tumempima, hana homa. Tumwangalie mpaka kesho?" Anayeuliza ameshajijibu. Anachotaka ni ruhusa.

Mfano wake ni wa kila siku. Bibi wa miaka 84 amezoea kuitikia shikamoo kwa mfululizo mzima: marahaba mwanangu, umeamkaje, watoto hawajambo, na yule mgonjwa wenu? Asubuhi moja anajibu marahaba moja tu, ya chini, macho yakiwa ukutani. Uji ameuonja vijiko vitatu akausukuma. Kanga imemteleza begani na hakuivuta. Mlezi aliyemwogesha anamwambia sista, "Bibi leo amepoa." Sista anachukua kipimajoto, kinasoma nyuzi 37.4, na daftarini anaandika maneno mawili: hana homa. Habari ya bibi inaishia hapo. Siku ya tatu hawezi kuinuka kitandani, anahema kama aliyepanda mlima, na ndugu wanaambiwa nimonia imemjia ghafla.

Ghafla ipi? Ilikuwa chumbani tangu siku ya uji.

Lugha yenyewe inachangia. Kwa Kiswahili homa si dalili tu, ni jina jingine la kuugua: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya dengi. Mtu akipiga simu kusema ana homa kidogo, hakuna anayemuuliza nyuzi ngapi. Na katika nchi za malaria ni tabia njema kumkimbiza zahanati mtoto mwenye mwili wa moto. Kosa ni kuigeuza kanuni hiyo juu chini na kumvisha mzee: asiye na moto hana ugonjwa. Mwili wa uzeeni haupandishi joto kama wa kijana. Kati ya wazee kumi wenye maambukizi makali, wawili hadi watatu joto lao halipandi, au hupanda kidogo mno kiasi cha kutotambulika.

Tena hata hiyo nyuzi 38 inayosubiriwa kwa hamu ndipo iitwe homa ni urithi wa daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, aliyetoa kitabu chake cha vipimo vya joto mwaka 1868. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliupima mpaka wa namna hiyo kwa wakazi wa nyumba ya wazee. Walipoweka mpaka kwenye nyuzi 38.3, walinasa maambukizi manne tu katika kila kumi. Walipoushusha hadi 37.8, wakanasa saba. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani wa mwaka 2008, ulioandikwa kwa ajili ya wakazi wa nyumba hizi, unahesabu kuwa ni homa joto la mdomoni likizidi 37.8 mara moja, au likizidi 37.2 mara kwa mara, au likipanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya joto la kawaida la mtu huyo.

La mwisho ndilo linalosahaulika. Kama joto la kila siku la bibi yule ni 36.1, basi kwa 37.4 alikuwa na homa, na daftari lilidanganya. Lakini nani alikuwa ameandika joto lake siku alipokuwa mzima?

Kiganja kwenye paji la uso ni hadithi nyingine. Mlezi aliyetoka kufua ana mikono ya baridi. Kwake kila mtu ana moto. Aliyetoka jikoni haoni moto wowote. Vibaya zaidi ni Panadol ya kuanzia, inayotolewa kwanza ndipo kipimo kifuate. Wazee wengi huzimeza kila siku kwa ajili ya magoti, kwa hiyo kinachosomwa pale ni kidonge. Na wale wanaokimbilia kupima mkojo kila mzee anapochanganyikiwa, kisha kumpa antibayotiki kwa sababu mkojo una bakteria, wajue kwamba wakazi wengi wa nyumba hizi, hasa wanawake, wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote.

Aliyekuwa na jibu ni mlezi. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha maandishi ya wauguzi wasaidizi na majalada ya wagonjwa: wasaidizi waliandika mabadiliko kwa wastani wa siku tano kabla ugonjwa haujatajwa kwenye jalada. Siku tano! Nchini humo programu ya INTERACT iliwapa wasaidizi karatasi ya dalili kumi na mbili za kuzungushia duara. Miongoni mwake: anaongea kidogo kuliko kawaida, anakula kidogo, anahitaji msaada zaidi kutembea, rangi ya ngozi imebadilika. Kwa Kiswahili nusu ya karatasi ile ni neno moja: amepoa.

Basi, kwa haraka. Pima joto la kila mkazi siku kadhaa akiwa mzima, kwa kipimajoto kile kile, uliandike. Msalimie kila asubuhi na usikilize anavyoitikia. Akibadilika, hesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia. Zikifika 25, mpigie daktari simu hata kama kipimajoto kinasoma 36. Angalia kama amepata choo, ameanza dawa mpya, anaficha maumivu, sukari iko wapi kama ana kisukari. Panadol ije baada ya kipimo. Mdomo ukipinda au asipoamka vizuri, ni gari la hospitali, si simu. Na zamu inapobadilishana, "yuko hivyo hivyo" haitoshi: sema jana alikunywa bakuli zima, leo vijiko vitatu.

Kwenye daftari, chini ya safu ya joto, ongezeni safu moja pana ya kuandikia maneno ya aliyemwogesha.